Nafuu ya Kila Asubuhi

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyeshikwa na ulevi, na machache mno ya kumtaja anayejitoa humo. Mlevi, chapombe, mvuta bangi, mla unga, teja: orodha haiishi, na kila mwaka vijana wa mjini huongeza lingine. Lakini mtu huyo huyo akianza kujinasua tunabaki na neno moja tu, "ameacha". Nimeishi na neno hilo kwa miaka kadhaa sasa na ninaliona kuwa lina haraka. Mtu ameacha leo, basi kesho tunataka tumwone ameoa, amelima, amelipa madeni. Akiteleza siku moja tunasema kumbe hakuacha, na hapo hata ile miezi ambayo hakugusa kitu inafutwa kana kwamba haikuwapo.

Wenzetu wa Zanzibar walipoanza kufungua nyumba za kuwahifadhi vijana wanaotoka kwenye unga, kuanzia mwaka 2009, walizipa jina ambalo sasa limeenea hata huku bara: nyumba za upataji nafuu. Mwanzoni jina hilo lilinichekesha kidogo, maana lina harufu ya ofisini. Sasa ninalipenda. Halisemi kwamba mtu amepona, wala halisemi kwamba ameacha. Linasema kwamba anapata nafuu, na mwenye kupata nafuu bado ni mgonjwa anayehitaji uji, dawa na mtu wa kukaa naye.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nyumba yangu iko Ndundu, kando ya mto Rufiji. Wasafiri wa zamani wa barabara ya kusini wanaijua Ndundu kwa pantoni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetaka kwenda Lindi na Mtwara alilazimika kungoja hapa, na mto ulipofurika magari yalilala siku kadhaa, abiria wakala na kulala kando ya barabara. Sitadai kwamba ulevi uliletwa na daraja. Tembo la mnazi lilikuwapo, na gongo ilikuwapo ikiuzwa kwa kujificha, na madereva waliochoka kungoja hawakuwa wanywaji wa maji tu. Lakini mlevi wa kwetu alilewa mbele ya watu waliomjua jina la baba yake. Alianguka uani kwa mtu, akabebwa hadi kwao, na asubuhi mkewe akatoa neno lake. Aibu ilikuwa kubwa, ila hakupotea.

Mwana wa dada yangu alilivuka daraja hilo mwaka 2013 akienda kusoma chuo jijini Dar es Salaam. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika elimu ya juu, na ukoo mzima ulichanga. Alipanda basi na nusu gunia la mchele wa Rufiji, mfuko wa korosho, na blanketi jipya ambalo sijui alitarajia kulitumia wapi katika joto lile la jiji.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili alianza kuomba fedha kwa sababu ambazo kila moja ilikuwa na mantiki yake: mara kitabu, mara kompyuta imeibwa, mara mchango wa kazi ya vitendo. Mimi nimefundisha watoto kwa miaka 34, na najua sauti ya mtoto anayesoma jibu alilolikariri. Mwezi Mei mwaka 2015 nilipanda basi nikamfuata bila kumpigia simu.

Nilimkuta chumbani amejikunyata chini ya lile blanketi, mchana, katika jua la Dar es Salaam. Machozi na kamasi zilimtoka, alipiga miayo bila kukoma, vipele vya baridi vilimsimama mikononi huku jasho likimtiririka, na tumbo lilimsokota. Nilidhani ni malaria. Mwenzake wa chumbani, kijana mpole wa kutoka Singida, ndiye aliyenivuta nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo mzee. Hii si malaria. Ni arosto." Neno hilo nilikuwa sijalisikia. Akanieleza kwamba ndivyo mwili unavyodai unga ulioukosa. Alikuwa ameanza kwa kile wanachokiita kokteli, yaani msokoto wa bangi iliyochanganywa na unga, akipewa bure na watu aliowaona marafiki. Baada ya miezi michache hakikuwa tena cha bure.

Huyo kijana wa Singida ndiye aliyejua pa kwenda. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua mwaka 2011 kliniki ya kwanza nchini ya kuwatibu watumiaji wa heroini kwa dawa ya methadoni, na nyingine zikafuata katika hospitali za jijini. Mpwa wangu alipitia kwanza kwa wahudumu wanaowafuata vijana huko vijiweni, akahojiwa, akapimwa, kisha akaandikishwa. Matibabu yalikuwa bure. Sharti lilikuwa moja kubwa: kila siku ya Mungu, sikukuu na Jumapili zikiwamo, afike mwenyewe dirishani, anywe dawa yake mbele ya muuguzi, aonekane ameimeza, ndipo aondoke.

Niruhusu, msomaji, nieleze dawa hiyo kama nilivyoelezwa, kwa kuwa uvumi juu yake ni mwingi. Methadoni iko katika jamii moja na heroini, lakini inakwenda taratibu. Heroini humpandisha mtu na kumbwaga baada ya saa chache, naye anaanza tena kutafuta. Methadoni ikipimwa sawasawa humshikilia siku nzima hata kesho yake bila arosto na bila kulewa. Huanza kwa kipimo kidogo kikaongezwa kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo mgonjwa huweza kusinzia, jambo linalowafanya watazamaji waseme, "Si bado huyo?" Ikitulia, mtu anaweza kusoma, kupika, kuendesha hesabu. Wengi huinywa kwa miaka.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dada yangu alitaka mwanawe arudi Ndundu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, na karibu wazee wote barazani walimuunga mkono: unga uko mjini, shamba hakuna unga, basi mleteni shamba, apewe jembe, anywe kombe, atasahau. Nisingependa kuidharau hoja hiyo. Kuna vijana iliyowasaidia, hasa wale waliokuwa wanakunywa tu pombe. Lakini Ndundu haikuwa na methadoni, na mpaka leo kliniki hizo, ingawa zimefika Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga, hazijatusogelea sisi wa mtoni. Kumleta nyumbani ilikuwa kumkatia dawa ghafla, tena akiwa katika wiki zile za mwanzo. Na masomo je? Fedha za kujikimu anazopewa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo husimama akiahirisha mwaka. Angekuwa hapa kwetu bila dawa, bila shule na bila senti, akitazama mabasi yanayokwenda Dar es Salaam yakipita.

Upande wa pili, kumwacha mjini ilikuwa kumwacha nusu saa kwa miguu kutoka kijiwe alichokijua kuliko darasa lake. Hakukuwa na njia isiyo na hatari.

Nilisema abaki. Dada alinijibu, "Kaka, wewe umembadilishia unga kwa unga." Nikamwambia kwamba enzi za pantoni sikumbuki mtu aliyechekwa kwa kuwa hakuogelea. Mto una mamba. Hakunijibu, na kwa miezi mingi salamu zake kwangu zilikuwa fupi.

Sasa nije kwenye chuo, ambacho sitakitaja. Nilifikiri, kwa ujinga wetu sisi watu wa mbali, kwamba kijana anayetibiwa angepokelewa na chuo chake kama anavyopokelewa aliyevunjika mguu. Kliniki hufunguliwa asubuhi, foleni ni ndefu, na kipindi cha kwanza huanza saa mbili. Aliomba ahamishiwe kundi la mchana katika somo moja. Akatakiwa alete barua ya daktari. Akaileta. Barua ilipita meza tatu, na baada ya wiki moja hata mwuza chipsi wa getini alikuwa anajua. Mhula uliofuata jina lake halikuwamo katika orodha ya waliopewa vyumba vya hosteli. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Darasani walianza kumwita "daktari", kwa kejeli.

Jambo hilo linanikera mpaka leo, na si kwa sababu ya ukoo tu. Nimesoma jinsi vyuo vya wengine vilivyolishughulikia. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Brown kilianza kuwasaidia wanafunzi wanaojitoa kwenye ulevi tangu mwaka 1977. Rutgers, katika jimbo la New Jersey, kilianza mwaka 1983, na mwaka 1988 kikawafungulia nyumba yao hapo hapo chuoni, ambamo hakuna anayekunywa. Texas Tech nacho kilianza mwaka 1986. Wao wana fedha, utaniambia. Kweli. Lakini ukilitazama jambo lenyewe, fedha si nyingi: ni ujia mmoja wa hosteli, mshauri mmoja anayejua kufunga mdomo, na ratiba isiyogongana na saa ya dawa. Msingi wa mambo hayo ni wa bei nafuu zaidi. Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari, waligundua kwamba kila mmoja aliweza kukaa bila pombe kwa kuzungumza na mwenzake. Kikundi cha Alcoholics Anonymous kilizaliwa hapo. Nyumba za Zanzibar zinaendeshwa kwa maarifa hayo hayo, kwamba aliyepita njia ndiye anayeijua mashimo yake.

Tukabaki kutafuta njia zetu wenyewe. Kijana alipanga chumba uswahilini, kwa mama mmoja mjane ambaye alimweleza ukweli wote siku ya kwanza. Mama yule alisema, "Mwanangu, nimezika mmoja kwa huo unga. Wewe kaa." Mengi zaidi ya hayo hakusema, ila alianza kumgongea dirisha kila siku saa kumi na moja alfajiri, wakati wa adhana, ili awahi foleni ya kliniki na darasa pia.

Tatizo letu kubwa likawa bumu. Msomaji ambaye hajapita chuo siku hizi ajue kwamba bumu ndiyo hiyo fedha ya kujikimu, nayo huja kwa mkupuo. Siku bumu linapotoka chuo kizima hubadilika sura: baa hujaa, madeni hulipwa, viatu hununuliwa. Enzi zile viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti, vilikuwa bado vinauzwa hata kwenye meza ya karanga. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 2017. Kwa mwanafunzi anayepata nafuu, siku ya bumu ni kama kumwekea mtu mwenye njaa sinia la pilau na kumwambia asiangalie. Tulikubaliana, kwa hiari yake, kwamba kadi ya benki ikae kwa yule rafiki wa Singida. Kodi ya chumba ilipwe miezi yote ya mhula siku hiyo hiyo. Chakula alipwe mama lishe mbele, wiki kwa wiki. Kilichobaki kiwe kidogo kiasi cha kutomfurahisha mtu yeyote wa kijiweni.

Mpango huo ulifanya kazi mara tatu. Mara ya nne, mwaka 2016, rafiki alikuwa amesafiri kwao kwa msiba na kadi alikuwa ameirudisha. Usiku saa tano simu yangu iliita. "Shikamoo mjomba. Mjomba, nimeteleza." Nilisikia kwamba analia. Nikamwuliza, "Kliniki kesho wanafungua saa ngapi?" Akasema saa kumi na mbili na nusu. Nikamwambia awaeleze wenyewe kabla hawajampima mkojo, kisha anipigie akitoka. Alinipigia saa mbili kasoro. Hawakumfukuza. Walimwuliza mambo mengi, wakampa siku ya kuonana na mshauri, wakampa dawa yake baada ya kujiridhisha kwamba ni salama.

Watu huniuliza kwa nini sikumkaripia. Nimekaripia watoto kwa miaka 34, najua faida yake na najua ukomo wake. Mtu aliyepiga simu mwenyewe saa tano ya usiku alikuwa ameshajikaripia.

Katika hayo yote, jambo lililomuumiza dada yangu kuliko mengine lilikuwa Ramadhani. Dawa hunywewa mchana, mbele ya muuguzi, kwa hiyo mwanawe hafungi. Kwake yeye hiyo ilikuwa kama kusema kijana ametoka katika dini. Nilimpeleka kwa imamu wetu, mzee ambaye hakuwahi kuisikia methadoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni dawa ya hospitali, na kama akiiacha ataumia. Tukasema ndiyo. Akasema mgonjwa amepewa ruhusa na Mwenyezi Mungu tangu zamani, na kwa kuwa ugonjwa huu ni wa muda mrefu usio na kikomo kinachojulikana, watoe fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku asiyofunga. Dada aliinuka pale akiwa mtu mwingine. Kulalamika alikuwa amelalamika mwaka mzima. Sasa alikuwa na kazi ya kufanya. Alipima mchele wa shamba lake mwenyewe, vibaba thelathini, yaani pishi saba na nusu, akaugawa nyumba kwa nyumba bila kueleza ni wa nini. Kila Ramadhani iliyofuata alifanya hivyo.

Na kwa kuwa mtoto hakuweza kulala Ndundu, Idd ile mama alimfuata. Alipanda basi la alfajiri na kapu lenye mchele, kambale wa kukaushwa na mkungu wa ndizi, akafika kwa yule mjane wakapika pamoja. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa kwamba asubuhi ya pili mama alitaka kuiona hiyo kliniki. Alikaa kwenye benchi nje, ushungi umemfunika nusu uso, akatazama foleni: vijana, wazee, mama mwenye mtoto mgongoni, mtu mmoja wa makamo aliyevaa vizuri na mkoba wa kazini. Mwanawe alipofika dirishani akataja namba yake, akanywa, akasema neno kwa muuguzi, wakacheka. Dada alishangaa kwamba wanacheka. Aliporudi Ndundu aliniletea mafuta ya nazi na salamu ndefu, na tangu siku hiyo neno "unga kwa unga" sikulisikia tena kinywani mwake.

Kijana alipata sapu mbili, akarudia mwaka mmoja, na hakudisko, kama wanavyosema wao kumtaja anayefukuzwa kwa kufeli. Alihitimu mwaka 2018, miaka miwili baada ya wenzake. Siku ya mahafali alivaa joho la kuazima, na watu wawili walioketi mstari wa mbele kwa upande wetu walikuwa mjane wa uswahilini na kijana wa Singida, ambaye tayari alikuwa na kazi na alikuwa ameomba ruhusa. Leo anafanya hesabu katika duka la vipuri. Bado anakunywa dawa, kipimo kikiwa kidogo kuliko zamani. Kwa miaka kadhaa Idd zake zilikwenda hivi: dawa asubuhi, basi, kufika kwetu adhuhuri, kula, kulala kidogo kwenye jamvi, kisha basi la jioni. Daraja lile lile.

Mwezi uliopita alikuja kwangu baba mmoja kutoka upande wa Kibiti. Binti yake yuko mwaka wa pili, chuo kingine. Alikaa muda mrefu akizungumzia mvua na bei ya ufuta kabla hajalisema jambo lenyewe. Nilimpa namba ya simu ya mpwa wangu, nikamwambia aende na kodi ya miezi sita mkononi, na atafute mama mwenye nyumba kwanza kabla ya kutafuta chumba. Aliandika yote katika daftari. Akiwa mlangoni, viatu vimekwisha kuvaliwa, akageuka akaniuliza, "Na Idd, mwalimu, atakuja?" Nikamwambia hilo awaulize kliniki, na kwamba basi la kwanza kutoka Kibiti huwahi.